Kasri la Uskoti na Jumapili Tatu

Nina miaka thelathini na mbili, nauza vitenge Mabatini, hapa Mwanza. Naandika haya nikiwa na akili zangu timamu, kwa hiyo anayetaka kunionea huruma abaki na huruma yake... mimi nataka unisikilize tu.

Faustine nilimfahamu alipokuja likizo. Mzaliwa wa Igogo, anafanya kazi Uskoti miaka mingi, mpole, anasalimia wakubwa vizuri. Alipoleta posa nyumbani kwetu Igoma, mama yangu alikuwa na sharti moja: majina yetu yatangazwe kanisani Jumapili tatu, kwetu na kwao, ili mwenye pingamizi aseme.

Faustine akacheka kwa upole. Akasema ya nini kuhangaika, wakati yeye anaweza kuniandalia harusi kwenye kasri la kale Uskoti, walimokaa watawala wa zamani? Karatasi za serikali tungemalizia baadaye.

Kasri! Jamani, nani angekataa? Mama alikataa. Nikamwambia ana wivu... mama yangu mzazi, nilimwambia hivyo.

Nilikwenda. Kasri lilikuwa la kweli, kuta nene za mawe, baridi inayoingia mpaka kwenye meno, na mzee aliyevaa sketi akipuliza zumari yenye mfuko. Wageni walikuwa kumi na mmoja, wote wa kazini kwake. Hakuna aliyepiga vigelegele, ikabidi nijipigie mwenyewe. Mama mmoja wa Kizungu alitusomea maneno mazuri, tukavishana pete. Hatukutia saini popote, na kwa furaha niliyokuwa nayo wala sikuuliza.

Baada ya mwezi nilirudi Mwanza kusubiri ashughulikie makaratasi yangu ya kuhamia kule. Nilichapisha picha ya harusi kubwa kama mlango, nikaitundika dukani. Nilitaka Mabatini yote ione!

Siku moja akaingia mwanamke kununua kitenge. Akasimama mbele ya ile picha muda mrefu.

"Dada, huyu kaka ni nani wako?"

"Mume wangu," nikajibu kwa maringo.

"Basi kazi ipo," akasema, akavuta kiti. "Mimi naitwa Leticia. Nimefunga naye ndoa kanisani, Igogo. Watoto wetu wawili wako shule."

Akanionyesha cheti cha ndoa kwenye simu. Ndipo nikaelewa kasri lilikuwa la nini. Igogo wote wanamjua Leticia. Jumapili ya kwanza tu majina yangesomwa, nusu ya kanisa ingesimama. Kule Uskoti angesimama nani? Yule mzee wa zumari?

Nililia wiki nzima, sifichi. Nilimpigia mama magoti akanisamehe. Mtaani wakaniita malkia wa kasri. Kisha wajomba zake Faustine wakaja Igoma kuomba yaishe, niwe mke mdogo, maana ameshanigharamia sana. Baba yangu mdogo alikaribia kukubali, eti kuficha aibu ya ukoo.

Hapo hasira ilinikausha machozi. Niliwaamkia shikamoo, kisha nikawaambia mimi si mke wa Faustine, mkubwa wala mdogo, na aibu waipeleke kwa aliyedanganya. Chai hawakumaliza.

Dada zangu mnaosoma, sisemi msiolewe mbali. Kasri ni zuri, nendeni mkapige picha. Ila kabla ya kupanda ndege, jina lako na la huyo mwanamume yasomwe mbele ya watu waliomwona akikua. Akianza kutoa sababu, mwache. Msije mkamtukana mama kama mimi, kwa ajili ya kuta za mawe.

Faustine bado ananipigia. Anasema ananipenda, ila niache kusemasema, namharibia jina. Siachi! Ukija dukani ukaniuliza kama nimeolewa, nitakutazama usoni nikujibu... hapana, sijaolewa, nilidanganywa. Haya, kitenge unachukua doti ngapi?