Nani Kasema Marsela Amejitoa?

"Usisogee! Nakuomba kwa jina la Mungu, Marsela, usiuvute huo mshipi!"

Eliamini alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayenyolewa. Ndoana ilikuwa imenasa kwenye ukosi wa sweta lake, kidole kimoja tu kutoka shingoni. Ilikuwa mara ya tatu asubuhi hiyo.

"Pole," alisema Marsela.

"Pole ya tatu hiyo! Wiki mbili nakufundisha. Nzi mwepesi unamtupa vizuri kabisa. Huyu mwenye ushanga wa shaba amekukosea nini?"

"Amenikosea uzito. Na wewe hunifundishi, unanifokea."

Walikuwa kwenye kingo za bwawa la shamba la kahawa, juu ya mji wa Karatu. Loji iliyolikodi bwawa hilo, alikofanya kazi Eliamini, ilihitaji mwanamke wa kuwafundisha wageni kuvua kwa nzi wa bandia, yale manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana. Kambare hukaa chini, kwa hiyo nzi wao hutiwa ushanga ili azame. Marsela aliitaka kazi hiyo kuliko alivyolitaka gauni la harusi yao, iliyobakiza Jumamosi tatu. Majaribio yalikuwa saa nne.

"Nishikie simu nijinasue."

Simu ikalia mkononi mwa Marsela. Ujumbe ukajitokeza kwenye kioo:

"Eliamini, nimeona ulichoandika kwamba mchumba wako amejitoa. Basi nafasi nitampa Scholastika. Brigita."

Marsela aliusoma mara mbili, ya pili kwa sauti.

"Nimejitoa lini?"

Eliamini aliganda, mkono ukiwa bado ukosini.

"Nilitaka kukuepusha na aibu, mpenzi."

"Aibu ya nani?"

Eliamini aliichomoa ndoana ukosini.

"Nauliza, aibu ya nani, Bwana Mkufunzi?"

"Yangu! Nimejisifu loji nzima kwamba nimekufundisha mimi. Ukimnasa meneja sikio, watanicheka hadi nistaafu."

"Kwa hiyo ukaniuza mimi ili wewe usichekwe."

Hakungoja jibu. Alichukua simu yake mwenyewe akampigia Brigita, meneja wa loji.

"Shikamoo, madam. Ni Marsela. Sijajitoa. Nipo bwawani."

"Marahaba. Mbona Eliamini ameandika..."

"Hilo atakujibu mwenyewe. Mimi naomba nitupe mara moja tu mbele yako."

"Haya. Nipe dakika kumi."

Marsela alikata simu, akainyakua fimbo na kutupa kwa hasira. Mshipi ukalia twaa nyuma yake, nzi akarudi akimpunyua nywele. Akasimama. Mlio ule aliufahamu.

"Eliamini, umewahi kulima kwa maksai?"

"Maksai? Kwetu Marangu ni jembe la mkono na migomba. Yanahusiana nini?"

"Kule Endabash nimewaswaga maksai wa baba tangu nina miaka tisa. Mjeledi ili ulie, sharti uusimamishe mkono ghafla. Ndivyo ninavyotupa hapa! Nzi mwepesi anavumilia. Mzito anarudi kunipiga."

Eliamini alikodoa macho. Wiki mbili nzima alikuwa akimhimiza aongeze nguvu.

"Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nakuharibu," alisema. "Basi usiusimamishe mkono. Mpeleke nzi nyuma akipitia ubavuni mwako, subiri uzito wake uuvute mkono wako, kisha mzungushe juu bila kusita."

"Na hilo lilikushinda kusema wiki mbili?"

Alijaribu. Mara ya kwanza nzi alianguka miguuni. Mara ya pili alifika katikati ya bwawa.

"Safi!"

"Usinishangilie. Bado nimekasirika."

Brigita alifika akiwa na buti za mpira, akasimama nyuma yao. Marsela alivuta pumzi. Nzi akachora duara pana, akapita juu ya kofia ya meneja bila kuigusa, akatumbukia mbali na kuzama.

"Sasa nani kasema huyu amejitoa?" aliuliza Brigita.

Marsela alimtazama Eliamini tu.

"Mimi, madam," alisema Eliamini. "Hakujitoa. Niliandika uongo kwa kuogopa kuchekwa."

"Umefanya vibaya sana. Scholastika bado sijampigia. Marsela, kazi ni yako; kesho saa moja asubuhi uwe hapa."

Meneja alipoondoka, Eliamini alikuja karibu.

"Na harusi?"

"Harusi ipo. Ila kuanzia leo, ujumbe wowote wenye jina langu nitauandika mimi, kwa mkono wangu. Umesikia?"

"Nimesikia, mke wangu."

Marsela hakumkatalia jina hilo.