Picha ya Bibi Kabula

Kila siku baada ya masomo Bertilla alipitia dukani kwa mama yake, mtaa wa Kizwite. Kazi yake ilikuwa kufuta vumbi, na vumbi la Sumbawanga wakati wa kiangazi halina aibu: ukimaliza meza, upepo umekwishaleta jingine. Mama alipiga watu picha na kuzichapisha kwa kompyuta ya mtumba iliyotoka Dar es Salaam.

Kompyuta hiyo ilikuwa na kilema. Diski yake ya ndani ilikuwa imekufa. Fundi Urbano aliiwekea diski ya nje, kiboksi cheusi kilichounganishwa kwa waya, akapakia humo mfumo wote wa kuiendesha. Picha za wateja nazo zilikaa humohumo.

"Sikilizeni," aliwaonya. "Kompyuta hii inaishi kwa hiki kiboksi. Msikichomoe kabla ya kuizima."

Siku moja mama alikwenda sokoni. Meshack, kijana wa banda la video la jirani, alichungulia dirishani.

"Mambo, Bertilla! Nimepata nyimbo mpya. Lete hiyo diski nikuwekee, fasta."

"Poa. Ila mama asitukute."

Kompyuta ilikuwa inahamisha picha kutoka kwenye kamera. Bertilla alichomoa waya hivyo hivyo, bila kuizima. Ajabu, kioo hakikuzimika, na hata kishale kilisogea alipogusa kipanya. Alicheka moyoni, akaona fundi alikuwa anawatisha bure. Mara kishale kikaganda. Alirudisha waya mbiombio, akazima, akawasha. Kioo kilibaki cheusi, na maandishi meupe machache ambayo hakuyaelewa. Meshack aliondoka bila hata kuaga.

"Imefanya nini hii?" mama aliuliza aliporudi.

"Umeme ulikatika, mama. Ukarudi kwa nguvu."

Nani angebisha? Mjini pale umeme ulisingiziwa kila kitu, hata ugali mbichi. Mama aliamini, akaketi mbele ya kioo cheusi. Duka hilo ndilo lililowalisha.

Kesho yake alifika Mzee Ngeleja, mfugaji wa kijiji cha Mtowisa. Alikuwa amepanda kutoka bondeni kwa lori la mpunga, na kwapani alikuwa na fremu ya mbao yenye kioo. Mkewe, Bibi Kabula, alipigwa picha dukani hapo akiwa amempakata mjukuu wao, Shija. Walisema wangeichukua baada ya mavuno. Bibi Kabula alifariki kabla ya mavuno.

"Shikamoo, mzee," Bertilla alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimefuata picha ya bibi yako. Hana nyingine aliyopigwa."

"Kompyuta imeharibika, baba," mama alimwambia. "Tumemwita fundi. Tusubirie kidogo."

"Nitasubiri. Nitakwenda wapi?"

Aliketi kwenye benchi la nje, fremu magotini. Bertilla alishindwa kumtazama. Mchana hakula. Alitamani mtu amuulize, na aliogopa asije akaulizwa.

Fundi Urbano alipofika, swali lake la kwanza lilikuwa lile aliloliogopa Bertilla. "Kuna mtu alichomoa diski?"

Mama alimgeukia binti yake. "Wewe ndiye uliyekuwapo."

"Ni umeme," Bertilla alijibu huku akitazama sakafu.

Urbano alitikisa kichwa. "Kama ni umeme, diski yenyewe imeungua sehemu. Hapo sina la kuokoa. Nitaifuta yote nipakie mfumo upya, angalau mama apate kufanya kazi."

"Na picha za watu?"

"Pole, mama. Ndiyo basi tena."

Alichomeka diski kwenye kompyuta yake ya mkononi, akaanza kufuta. Kwa nje, Mzee Ngeleja alikuwa anapangusa kioo cha fremu kwa kona ya shuka lake. Bertilla alimwona, akaangua kilio.

"Acha, fundi! Siyo umeme! Nilichomoa mimi, ilikuwa inafanya kazi!"

Urbano alisimamisha kazi mara moja. "Mbona hukusema nilipokuuliza? Diski ni nzima basi! Kilichovurugika ni mpangilio wa mafaili tu. Ningeurekebisha bila kugusa picha hata moja. Sasa nimeshaanza kufuta."

Mama hakumpiga wala hakumfokea. Alikaa, akashika tama, na Bertilla aliona ni heri angepigwa.

Fundi alihangaika hadi jioni kuokota kilichobaki. Kompyuta iliwaka, na picha nyingi zilirudi. Ya Bibi Kabula nayo ilipatikana, lakini nusu. Uso ulikuwapo, kilemba kilikuwapo, tabasamu lilikuwapo. Kuanzia mabegani kwenda chini palikuwa na rangi ya kijivu tupu.

Mzee Ngeleja aliinamia kioo cha kompyuta. Kisha akaweka kidole kwenye kijivu.

"Hapa ndipo alipokuwa Shija. Nilitaka akikua aone alivyopakatwa na bibi yake."

"Nisamehe, babu," Bertilla alisema kwa kwikwi. "Ni mimi."

"Nimesikia, mwanangu. Nichapieni hivyo hivyo. Hayo mengine nitamsimulia kwa mdomo."

Aliiweka picha kwenye fremu, akaondoka kutafuta lori la kushukia bondeni. Duka lilikuwa limepona, lakini hakuna aliyefurahi.

Mama alifunga mlango, akamshika mwanawe bega.

"Kuchomoa waya lilikuwa kosa la mtoto, na lingerekebishika. Ungesema jana, Mzee Ngeleja angeondoka na mke wake na mjukuu wake pamoja. Ungesema hata leo, fundi alipokuuliza, vilevile. Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyohiyo, hata kama unatetemeka. Anayekuja kukusaidia atafuata hayohayo uliyomwambia."

Bertilla alichukua kitambaa, akaanza kufuta vumbi huku machozi yakimtiririka.