Mtu wa Kwetu Kwenye Simu

Msimu wa korosho ukifika, Farida akitoka shule hakai. Huvua sare, hula mhogo uliobaki mchana, kisha humfuata bibi yake, Bibi Somoe, uani. Kazi ni kuchambua: korosho nzuri huku, zilizosinyaa na zenye madoa kule, maana ghala la chama cha ushirika halipokei mchanganyiko. Wanawake wa kikundi chao, pale Mpapura, huifanya kazi hiyo kwa zamu za nyumba. Leo kwa Bibi Somoe, kesho kwa Bi Hawa, hivyo hivyo mpaka nyumba zote zifikiwe.

Farida alikuwa na kazi nyingine ambayo watoto wenzake hawakuwa nayo. Macho ya Bibi yalikuwa yamechoka na maandishi madogo, kwa hiyo yeye ndiye aliyemsomea ujumbe na kumbonyezea simu. Na katika simu ile ndimo zilimowekwa fedha za kikundi. Wanawake walikuwa wakichanga kila msimu ili wanunue mashine ya kubangua korosho, waache kuziuza na maganda yake kwa bei ya chini. Walimchagua Bibi Somoe azitunze, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo.

"Namba hii ya siri tunaijua wawili," Bibi alimwambia Farida siku ya kwanza. "Mimi na wewe. Wa tatu ni Mungu."

Siku moja adhana ya alasiri iliwakuta wanawake wakichambua uani kwa Bibi. Wakatawadha, wakaingia ndani kuswali. Farida akabaki nje na rafiki yake Pendo, mtoto wa mwalimu aliyehamia kutoka Njombe, ili mbuzi wasikanyage korosho zilizotandazwa mkekani. Ndipo simu ya Bibi ilipoita.

Sauti ya mwanamume ilimsalimia Farida kwa Kimakonde, taratibu, kama mjomba aliyepotea siku nyingi. Akauliza kama mvua haijaharibu korosho. Kisha akasema anapiga kutoka kampuni ya simu.

"Laini hii haijahakikiwa, mwanangu. Inafungwa sasa hivi. Malipo ya korosho yakija hayatapata pa kuingia. Mwenyewe yuko wapi?"

"Bibi anaswali."

"Usimkatize, ibada ni kitu kikubwa. Tutamaliza mimi na wewe. Ninavyokusikia, wewe umesoma."

Pendo alimvuta mkono. "Nani huyo?"

"Mtu wa kampuni. Laini ya Bibi inafungwa."

"Mwambie asubiri, si wanatoka sasa hivi?"

"Hawezi kusubiri. Halafu huyu ni mtu wa kwetu, Pendo. Anaongea Kimakonde cha huku huku."

"Mimi hata sijui anasema nini."

"Ndiyo maana humwamini," Farida alisema, akamgeuzia mgongo.

Yule mtu alimwelekeza hatua baada ya hatua, akianza kwa kumtaka amsomee salio lililo katika ujumbe wa mwisho, ati ndilo linalohakikiwa. Alimtajia namba ndefu aliyoiita namba ya uhakiki, kisha fupi kidogo aliyoiita namba ya fomu. Mwisho akamwambia aweke namba ya siri, ila asiitaje kwa sauti. "Hata mimi siruhusiwi kuijua," alisema. Maneno hayo ndiyo yaliyomtoa Farida wasiwasi wote. Akabonyeza.

Simu ikakatika. Ujumbe ukaingia, naye akausoma kama alivyozoea, haraka na bila kukwama. Kisha akausoma tena polepole. Fedha za mashine zilikuwa zimetumwa kwa mtu asiyemjua. Namba ya uhakiki ilikuwa namba ya simu ya mtu huyo, na namba ya fomu ilikuwa kiasi cha fedha.

"Imekuwaje?" Pendo aliuliza.

Farida alitupia macho mlango wa ndani. Aliifunika simu kwa kanga ya Bibi, akaketi.

Wanawake walitoka, wakarudi kwenye mikeka yao. Mazungumzo yakaendelea pale yalipoachwa. Bi Hawa, jirani mwenye utani kuliko wote, akamtazama Farida. "Mbona umeinama hivyo kama bibi harusi? Au umeletewa posa sisi tukiwa ndani?"

Wote wakacheka. Farida alichukua korosho moja, akaigeuzageuza. Bibi hawezi kuusoma ujumbe ule. Akinyamaza, hakuna atakayejua leo, wala kesho. Labda mpaka mwisho wa msimu. Wazo hilo lilimjia, na tusimcheke, maana nani kati yetu halijawahi kumjia?

Kisha simu ya Bi Hawa ikaita.

Bi Hawa alipokea, akaitikia salamu kwa Kimakonde, akatabasamu. "Laini yangu? Ifungwe kwa nini tena? Haya, haya, ngoja." Akamnyooshea Farida simu. "Njoo unibonyezee, mjukuu wangu. Mtu wa kampuni huyu. Mtu wa kwetu kabisa."

Farida alisimama. Wanawake wote walikuwa wakimtazama, kila mmoja na mchango wake katika simu ile iliyofunikwa na kanga. Aliipokea simu ya Bi Hawa, akaisikia sauti ile ile ikimwita mwanangu. Akaikata.

"Huyu ni mwizi," alisema. "Ameshaniibia mimi. Nimebonyeza namba ya siri, Bibi. Fedha za mashine amechukua."

Mbuzi mmoja alipita juu ya mkeka, na hakuna aliyemfukuza.

Bibi Somoe aliweka chini korosho alizoshika. "Lini?"

"Mlipokuwa mnaswali."

"Basi hajafika mbali. Inuka."

Walikwenda mbio hadi kibanda cha Nassoro, wakala wa fedha za simu. Bibi hakukumbuka hata kuvaa viatu. Nassoro alisoma ule ujumbe, akapiga namba ya huduma kwa wateja iliyobandikwa ukutani kwake, akampa Bibi aongee mwenyewe. Bibi alijibu kila alichoulizwa: jina lake, namba yake, fedha zilitoka saa ngapi. Pendo alisimama kando, amemshika Farida mkono.

Walisubiri. Mwishowe simu ikaita, Nassoro akasikiliza na kushusha pumzi. "Wamezizuia. Sehemu ameshatoa, Bibi, lakini nyingi zimo na zitarudi baada ya taratibu zao. Mngekuja kesho asubuhi, tungekuta patupu. Sasa mtafute polisi mwandikishe taarifa. Na wewe, Farida, shika hili: kampuni ya kweli haikupigii simu ikakutaka uweke namba ya siri. Hata uambiwe usiitaje, usiibonyeze."

Waliporudi, wanawake walikuwa bado uani. Bibi aliwaeleza yote, hakuficha hata sehemu iliyopotea. "Hiyo nitailipa mimi," alisema. "Simu ni yangu, na mtoto ni wangu."

"Hulipi kitu," Bi Hawa alimkatiza, na safari hii hakukuwa na utani katika sauti yake. "Mimi nilikuwa natoa zangu kwa mkono wangu mwenyewe, tena nacheka. Mtoto huyu kajiaibisha mbele yetu ili niokoke. Iliyopotea tutaibeba wote."

Wengine wakaitikia.

Farida alianza kulia. "Pendo alinivuta mkono, nikampuuza, maana mtu yule alikuwa anaongea kama sisi, Bibi."

"Hata mwizi ana mama aliyemfundisha kusema," Bibi alijibu. Alimvuta, akamkalisha karibu yake, kisha akawageukia wote, watoto kwa wakubwa.

"Mtu huyu anahitaji vitu viwili kwetu. Cha kwanza, tufanye haraka, tusimwulize mwenzetu hata kama yupo pembeni anatuvuta mkono. Cha pili, tukishakosea tuone aibu, tunyamaze. Vyote viwili ndivyo silaha zake. Mjukuu wangu alimpa cha kwanza." Akampangusa Farida machozi kwa ncha ya kanga. "Cha pili alimnyima."