Fidla ya Wendler Mwanagenzi

Jumanne asubuhi Rahmo aliingia katika makumbusho madogo ya muziki pale Erdington, ughaibuni, akakuta kasha la kioo li wazi. Lilikuwa na fidla mbili za karne ya kumi na nane. Nyeusi ilikuwepo, nyekundu haipo, na kufuli halikuvunjwa.

Zote mbili zilibandikwa jina moja ndani: Josef Wendler. Katika ukoo huo wa wanamuziki na mafundi wa fidla, kila nyumba ilimpa mwana wa kwanza jina la babu, hivyo fundi bingwa na mtoto wa nduguye, mwanagenzi wake, walikuwa Josef wote. Rahmo, Msomali wa Eastleigh, hakushangaa. Kwao kina Aden walikuwa watano. Kazi yake, kama mtafiti wa makumbusho, ilikuwa kuwatenganisha hao Josef wawili. Bango lilisema nyeusi ndiyo ya bingwa.

"Ni Gurdip," alisema Milka, meneja na rafiki yake. "Keys ni mbili tu, yangu na yake. Polisi wanakuja, na hapa harudi tena."

Gurdip, fundi mzee wa fidla mzaliwa wa Kisumu, alikuwa ameketi kando. "Bibi Rahmo, mimi niibe ile? Ile haina bei ya maana!"

Rahmo akaduwaa. Kisha akamvuta Milka ofisini, akafunga mlango.

"Milka, ni ipi ya bingwa?"

"Nyekundu. Si uliniambia bango limekosea?"

"Mimi ndiye niliyekosea. Ijumaa tuliifungua hiyo nyekundu na Gurdip. Ndani ni kazi ya mkono wa mwanagenzi. Gurdip asingeigusa. Mwizi mgeni angefuata bango, abebe nyeusi. Aliyebeba nyekundu aliamini kosa langu, nami nililisema mara moja tu, jikoni kwako."

Milka akakaa. "Wananifuta kazi mwisho wa mwezi. Twelve years nawafungulia huu mlango! Nikapata buyer. Iko kwa boot ya gari."

"Na mzee wa watu ukamtupia?"

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kinauma hivi. Rahmo alilia waziwazi.

"Leo nilikuwa nikuambie nilikosea," alisema. "Nimekuletea hata mandazi."

Polisi wakabisha. Kwa mazoea, Milka akachukua funguo, akaenda kuwafungulia.