Saa Iliyopanda Mlima

Saa iliyoibwa ilikuwa imerudi mahali pake. Hilo ndilo lililomkera Inspekta.

Jumamosi, katika maabara ya vipimo, mlinzi aliikuta rafu ya katikati tupu, akapiga simu polisi. Jumatatu saa ya atomu ikakutwa palepale kati ya zile mbili nyingine, inahesabu kana kwamba haikubanduka. Kufuli zima. Ufunguo ulikuwa na watu wawili tu: mkuu wa maabara na mtunza saa, mama wa watoto watatu, ambaye wenzake walimwita Bi Sekunde. Mkuu alikwisha kumsimamisha kazi.

Inspekta alimrudisha aipime saa mbele yake.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nafua. Afande, niulize habari za saa, siyo za nguo zangu."

"Haya. Imeharibika?"

"Nzima. Ila imezitangulia zile mbili kwa sehemu chache za sekunde iliyogawanywa mara bilioni."

Inspekta alicheka. "Dada, saa yangu inatangulia dakika tano na sijamfungulia mtu jalada."

"Yako mbovu. Hii tangu irudi inakwenda sawa na zile mbili. Ilikimbia ilipokuwa nje tu. Wakati huenda mbio zaidi kadiri unavyopanda juu. Tofauti ndogo mno, lakini hii huiona. Afande, saa hii ilipelekwa mlimani."

Inspekta aliwahi kuwakamata wezi waliofichuliwa na tope, na nywele, na wake zao. Aliyefichuliwa na mwinuko, bado.

Akaingia ofisini kwa mkuu, Bi Sekunde nyuma yake.

"Mwisho wa wiki ulikuwa wapi?"

"Ufukweni. Nilipumzika."

"Una ndugu milimani?"

Mkuu alikohoa. "Mama tu."

"Nipe namba yake."

"Ni mzee, usimsumbue."

"Nitamwamkia tu."

Simu ikawekwa mezani, sauti juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nani mwenzangu?"

"Polisi, mama. Mwanao alikuja kukuona?"

"Alikuja! Na kisanduku chake. Kimelala kitanda cha wageni, yeye chini. Hata taa kaninyima, umeme wote kimekula chenyewe!"

Mkuu akajiinamia.

"Ni mimi. Kila mama akiniita nilimwambia saa zinanihitaji. Miaka ikapita. Mwezi uliopita akasema, 'Basi niletee huyo mama yako wa pili nimwone.' Nikampelekea. Nilitaka kuirudisha kimyakimya. Mlinzi alipowaita, nikaogopa."

"Ukamsingizia huyu?"

"Nikamsingizia."

"Na wanangu ungewalisha wewe?" Bi Sekunde alifoka, machozi yakimlengalenga. "Ungeniambia tu, bosi. Ningekubebea betri yake njiani!"

Inspekta alitoa pingu. Ndipo sauti ikatoka mezani. Hakuna aliyekumbuka kukata simu.

"Baba askari, mnamfunga?"

"Sheria, mama."

"Haya. Basi mfungieni huku kwangu."