Majina Kumi na Moja ya Msukani

“Gunia limetoka Konde.”

Sauti ya Laila ilikwaruza ndani ya sikio la Suhail Talib, ikipita katika kidude kisichozidi punje ya mbaazi.

“Tangu lini?”

“Dakika nne. Prado nyeupe. Watu wawili. Daftari analo mgeni mwenyewe, kalipakata kama mtoto.”

“Boti?”

“Saa tisa, Mkoani. Likipanda boti, basi tena.”

Suhail alipiga teke pikipiki. Honda XL ikanguruma, ikaruka kutoka vichakani na kuitafuna lami ya kusini. Saa yake ya Casio ilionesha saa saba kasoro dakika tano. Bastola yake, Glock, ilimkaa kiunoni, baridi.

Gunia lilikuwa Dokta Radek.

Kwa miaka miwili mgeni huyu alizunguka kisiwani Pemba na kamera na tabasamu, akijiita mtafiti. Aliijua historia ya uchaguzi ya Jimbo la Msukani kuliko Wamsukani wenyewe. Alijua kuwa mwaka 1957 wanaume wa jimbo lile walipanga foleni tangu alfajiri kupiga kura ya kwanza maishani mwao. Alijua kuwa mwaka 1961 jimbo liliamuliwa kwa kura tisa tu, na kwa kura tisa hizo talaka thelathini zilitoka kabla mwezi haujaandama. Aliijua ile miaka mirefu isiyokuwa na kura kabisa. Alijua kuwa vyama vingi viliporudi mwaka 1995, duka lilikuwa na chama, kisima kilikuwa na chama, hata maiti alikuwa na chama.

Na aliujua mwaka 2000.

Mwaka huo watu wa Msukani walipiga kura zao mchana kweupe, wakazihesabu, wakajua nani kashinda. Yaliyotangazwa yakawa mengine. Mawakala kumi na mmoja, watu wa kwao, waliopewa dhamana ya kuilinda kura ya jimbo, walikuwa wametia saini karatasi za uongo.

Akina nani? Hakuna aliyejua, ila karani mmoja aliyeitwa Hamdan. Aliandika kila kitu katika daftari la shule: kituo, idadi, jina, saini. Akalificha chini ya magunia ya karafuu mpaka alipokufa.

Leo mchana mjane wake, Bi Asma, alimkabidhi Radek daftari hilo. Aliahidiwa kuwa litawekwa makumbusho.

Makumbusho!

Mabwana wa Radek walikuwa ng’ambo, na walichokitaka ni gesi iliyolala chini ya bahari ya mashariki. Kisiwa kinachopigana chenyewe kwa chenyewe hakina wa kuchungulia mikataba. Jumapili kulikuwa na uchaguzi mdogo Msukani. Ijumaa, baada ya sala, majina yale yangesomwa mitandaoni, daftari likioneshwa ukurasa kwa ukurasa. Picha watu wangeweza kuikana. Hati ya Hamdan wasingeweza. Kabla ya ukarani alikuwa mwalimu, na nusu ya Msukani ilijifunza kuandika kwa kuiga mkono wake.

Kumi na mmoja wale, wengine walishakufa. Lakini watoto wao walikuwepo. Walimu, maimamu, wagombea. Nyumba zao zilijulikana. Na mapanga ya Msukani hayakuwa ya kukatia nazi tu.

Amri ya Bi Umkulthum, mkuu wa Idara ya usalama aliyoitumikia Suhail, ilikuwa na maneno machache: “Liwe jivu. Na usilisome.”

Kidude kikalia tena sikioni. Haikuwa Laila.

“We Suhail, u wapi?”

“Njiani, mama.”

“Leo harusi ya mtoto wa Wafa. Nyumba ya tatu hapa. Sikualikwa.”

“Mama, naendesha.”

“Endesha, baba. Ela nakuuliza jambo moja.” Bi Mwanapili alishusha sauti. “Mie nikifa, nani atanichukua? Baba yako mlikuwa wanne.”

Suhail aliinama juu ya usukani. Mbele yake vumbi la Prado lilianza kuonekana.

“Kama kuna karatasi popote duniani isemayo Talib hakuiuza Msukani,” alisema mama, “n’letee niione kabla sijafumba macho.”

Simu ikakatika.

Wanne. Miaka yote hii neno hilo halijapata kupoa. Talib alikuwa wakala mwaka ule. Siku ya kuhesabu alitoweka, na siku ya tatu alirudishwa na gari la wakubwa, mzima, hana hata mkwaruzo. Watu wakaona, wakahukumu. Aliposalimia, hakuitikiwa. Alipofariki miaka miwili baadaye, Suhail alikuwa na umri wa miaka kumi na minane. Walibeba jeneza yeye, ami yake, mchimba kaburi, na mpita njia mmoja kutoka Unguja asiyejua lolote. Pemba jeneza halikai kwenye bega la mtu mmoja hatua kumi. Watu hupokezana, hukimbilia, husukumana wapate thawabu. Wao walibeba mwendo mzima bila wa kuwapokea.

Suhail alizungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho.

Chake Chake ilipita ubavuni. Nje ya mji Prado ilimwona. Iliruka mbele, ikapanda ukingo, ikapita juu ya jamvi la karafuu zilizoanikwa kando ya barabara. Karafuu zikatapakaa hewani kama risasi.

“Mwana haramu!” alipiga kelele mwanamke mmoja, ufagio mkononi. “Nimezianika tangu juzi!”

Suhail alikwepa. Tairi la nyuma likateleza, goti likasugua lami, suruali ikachanika. Akainuka nayo. Mita mia nne. Mia tatu.

“Laila, nipe njia.”

“Mbele ni Mtambile, halafu moja kwa moja bandarini. Sina mtu wa kukuzibia.”

“Basi naishiwa na muda.”

“Naona. Omba Mungu.”

Kona iliyofuata, Prado ilikuwa imesimama.

Katikati ya barabara. Injini imezimwa. Mlango wa dereva uko wazi.

Suhail alifunga breki, mkono ukaenda kiunoni. Mtego?

Haukuwa mtego. Ilikuwa maziko.

Wanaume mia mbili na zaidi walikuwa wakikata barabara kutoka msikitini kwenda makaburini, mwendo wa haraka, tahlili ikipanda na kushuka. Jeneza lilielea juu ya vichwa. Na Kificho, dereva wa Radek, mtu aliyelipwa vizuri na kuonywa asisimame kwa lolote, alikuwa amechomoa ufunguo, amevaa kofia yake na kushuka. Sasa bega lake lilikuwa chini ya mti wa jeneza.

“Kificho!” Radek alipiga kelele dirishani kwa Kiswahili chake kilichonyooka. “Rudi! Boti!”

“Maiti hiyo, bwana!” Kificho alijibu bila kugeuka. “Boti itangoja!”

Radek alikuwa amesoma miaka sitini ya kura za watu hawa. Hili hakulisoma.

Suhail aliegesha pikipiki, akatembea taratibu, akafungua mlango wa nyuma na kuketi karibu na mgeni kama abiria mwenzake.

“Tulia,” alisema. “Mikono juu ya magoti.”

Radek aliitazama Glock, kisha akautazama umati uliokuwa ukipita hatua mbili kutoka kwenye kioo.

“Hutapiga,” alisema. “Si mbele ya jeneza.”

Ilikuwa kweli.

Mkono wa Radek ulichomoka na Makarov kutoka chini ya koti. Suhail aliudaka kifundo, akaupinda nje, mfupa ukalia. Kiwiko kikatua chini ya sikio mara moja tu. Bastola ikaanguka kwenye zulia. Nje, mzee mmoja aliinama kuchungulia.

“Kuna nini humo?”

“Mgonjwa huyu, mzee wangu. Jua limempiga.”

“Mpeni maji,” alisema mzee, akaenda zake na maziko.

Suhail alimfunga Radek kwa kamba ya plastiki, akaitia bastola ile mfukoni. Akaitwaa simu yake, akaifungua kwa kidole cha mwenyewe, akapekua picha. Hapakuwa na ukurasa hata mmoja.

“Nilipewa saa moja iliyopita,” alisema Radek akihema. “Nani angepiga picha gari likirukaruka vile? Sikiliza. Mimi nakujua. Mtoto wa Talib.”

Suhail aliinua macho kutoka kwenye simu.

“Baba yako hayumo. Nimepekua kurasa zote njiani. Niache nipande boti, na Ijumaa jioni Pemba nzima itajua kuwa ilimsusia mtu safi. Watakuja kumwangukia mama yako miguuni. Wewe utapata nini kwa kunizuia? Mshahara?”

Tahlili ilikuwa ikififia. Suhail alilitazama lile daftari kwenye paja la mgeni. Gamba la kijani, limelika kona, lina madoa ya mafuta ya karafuu.

Akalichukua. Akafunga mlango.

Halafu, kabla ya kufanya chochote alichofundishwa kufanya, alikwenda mbio nyuma ya jeneza. Watu wakampisha. Bega lake likaingia chini ya mti. Hakuuliza maiti ni ya nani, wala hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Hakuna aliyejali marehemu alipiga kura wapi. Hatua sita, saba, kisha kijana mwingine akampokea. Macho yakamchoma, akageuza uso.

Kwa huyu wamekuja mia mbili.

Kificho alimkuta kando ya gari akijifuta jasho.

“Yakhe, wewe ndo nani?”

“Mgeni wako kaghairi safari. Mrudishe Chake. Kuna bibi anaitwa Laila atampokea penye mzunguko.”

Kificho alichungulia ndani, akaziona zile kamba, akamtazama Suhail juu mpaka chini.

“Serikali?”

“Serikali.”

“Mie nilihisi. Mtafiti gani hata chai hanywi kwa watu?” Akawasha gari. “Na usinitie ndani, mwenzangu. Mie dereva tu.”

“Ulisimama. Inatosha.”

Saa tisa boti ilipiga honi Mkoani. Suhail aliisikia kwa mbali, akiwa chini ya mikarafuu juu ya kilima, peke yake. Simu ya Radek ilikuwa vipande vipande chini ya jiwe. Mbele yake kulikuwa na rundo la makonyo makavu ya karafuu yaliyoachwa na wachumaji.

Alilifungua daftari.

Hati ya Hamdan ilikuwa nzuri, yenye subira. Kituo cha kwanza, wakala, saini. Jina la juu kabisa lilimkata pumzi: Bakar Suleiman. Jirani yao wa Madungu, ndani ya jimbo lile lile, ukuta mmoja na nyumba ya mama. Ndiye aliyesimama msikitini wiki ile akasema asiyemjua msaliti leo amjue.

Majina kumi yalifuata. Wa nne alikuwa babake mwalimu wake wa Kurani. Wa tisa alikuwa na mjukuu anayegombea Jumapili.

Chini kabisa, kwa wino mwingine, Hamdan alikuwa ameandika: Talib Mmanga alikataa. Walimweka siku mbili, hakukubali. Watu wanamdhania vibaya na mimi nimenyamaza. Mungu anisamehe.

Suhail aliusoma mstari ule mara tatu.

Simu ya setilaiti ikatikisika. Alikuwa Bi Umkulthum.

“Liko kwako?”

“Liko.”

“Umelisoma.” Hakuwa anauliza.

“Nimelisoma.”

“Jina la baba yako limo?”

“Halimo. Alikataa.”

Upande wa pili ilisikika feni ikizunguka.

“Pole, mwanangu,” alisema Bi Umkulthum, na hakupata kumwita hivyo kabla. “Ungeweza kuuchana ukurasa mmoja tu. Ule wake.”

“Nimeufikiria, Bi. Nikienda nao Msukani nikasema Talib hakutia saini, swali la pili ni lipi? Wataniuliza waliotia ni nani. Na Ijumaa ya Radek itakuwa nimeileta mimi.”

“Mama yako je?”

“Mama ni Mmsukani. Hatanyamaza. Kavumilia kimya cha watu miaka yote hii, akipata neno atalipeleka mlango kwa mlango. Na ana haki.”

Bi Umkulthum hakusema choma. Alikata simu.

Suhail aliwasha kibiriti.

Makonyo yalishika haraka, moshi ukapanda wenye harufu kali. Alianza na majina kumi na moja. Ukurasa wa mwisho aliushika mkononi mpaka moto ulipofika kwenye vidole, na bado akachelewa kuuachia.

Saa kumi na moja alikuwa Madungu. Bi Mwanapili alimwekea mkate wa kumimina na chai, akaketi juu ya mkeka akimtazama akila. Ngoma za harusi ya Wafa zilisikika wazi nyumba ya tatu.

“Suruali imekuwaje?”

“Nimeanguka na pikipiki.”

“Na vidole?”

“Chai ya moto.”

“Mwongo mkubwa we.” Alimpaka mafuta ya nazi kidole kimoja kimoja, kama mtoto. “Umekuja kunambia kitu?”

Neno lilikuwa pale pale, juu ya ulimi, neno moja tu: alikataa.

“Nimekuja kula, mama.”

Bi Mwanapili aliongeza chai kikombeni.

“Haya. Kula, baba.”

Alipotoka, jua lilikuwa limelala kwenye kuta. Mzee Bakar alikuwa ameketi barazani kwake, kanzu nyeupe, tasbihi vidoleni. Suhail alisimama mbele yake.

“Assalaam aleikum, Mzee Bakar.”

Tasbihi ikasita. Yule mzee aliinua macho, akamwona ni nani, na polepole akageuza uso wake ukutani, kama alivyozoea.

Suhail alisubiri jibu. Alimtazama yule mzee kisogoni, mvi zilizonyolewa vizuri, shingo nyembamba inayotetema kidogo. Angeweza kulitaja jina la juu kabisa la lile daftari, kwa sauti ndogo tu, na mzee asingefika Ijumaa akiwa hai.

Kidude kikakwaruza sikioni. “Suhail,” alisema Laila. “Mgeni keshapanda ndege, kafungwa. Kazi imekwisha. Uko salama?”

“Salama.”

Alivaa miwani yake ya jua, akafunga zipu ya jaketi mpaka shingoni.

“Uwe na jioni njema, mzee wangu,” alisema.

Akashuka kilima cha Madungu kwa miguu, taratibu, mikono mfukoni, akipita katikati ya wageni wa harusi waliomfungulia njia bila kumsalimia.