Binti wa DNA na Kijana wa Plastiki

Adhuhuri moja, katika kantini ya chuo cha utafiti mjini Kolkata, palikuwa na foleni ndefu na kipande kimoja tu cha samaki wa kukaanga. Mikono miwili ilikifikia kwa pamoja.

"Dada, nimekuwahi," alisema Ranajoy Kundu, kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi upande mmoja.

"Umewahi kwa macho. Mimi nimewahi kwa uma," alijibu Ipsita Bagchi, ncha ya sari yake ya kijani imechomekwa kiunoni kama ya mtu anayekwenda vitani.

Wakagawana. Ndoa nyingi zimeanza na mtaji mdogo kuliko huo.

Ipsita alitengeneza nyuzi za DNA, ambayo hupenda maji. Ranajoy alitengeneza polima, yaani plastiki, ambayo huyakimbia maji kama paka. Zikiunganishwa, hujikunja zenyewe kuwa vipira visivyoonekana kwa macho, plastiki ndani, DNA nje, vya kubebea dawa mwilini. Maprofesa wao walivitaka sana vipira hivyo. Vijana wenyewe walitaka kisingizio cha kukaa meza moja.

"Polima yako ina kiburi," Ipsita alimtania kwenye simu.

"Imemrithi mwenyewe, mpenzi. Ivumilie."

Siku ya kupima, mashine haikuona kipira hata kimoja.

"DNA yake mbovu," Ranajoy aliropoka mbele ya maprofesa wote wawili.

Ipsita alichukua mkoba wake akaondoka. Akapigiwa simu hadi simu yenyewe ikaona haya. Alipopokea, alisema, "Samahani, nani mwenzangu?"

"Ipsi, DNA yako ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeiua. Nilifungua kichupa bila glavu, nikagusa ndani."

Katika kazi yao, hilo ni dhambi kubwa: vidole vina vimeng'enya vinavyoitafuna DNA kama mchwa.

"Ulikuwa unatafuta nini humo?"

"Ulisema hujawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Nilitaka kumwona mpinzani wangu."

"Ukaona nini?"

"Maji."

Ipsita alicheka bila kupenda, kisha akakumbuka kwamba amekasirika. "Kesho uwaambie maprofesa. Wote wawili. Mimi nikiwepo."

Akawaambia, akakaripiwa mpaka masikio yakawa mekundu. Wakarudia kazi pamoja, na vipira vikajaa kwenye skrini kama nyota.

"Jumapili njoo nyumbani na mama yako," alisema Ipsita, macho hayabanduki kwenye skrini.

"Kufanya nini?"

"Kuniposa, mjinga wewe. Baba atakuuliza kazi yako. Usieleze. Sema tu una mshahara."

"Mshahara gani? Mimi mwanafunzi."

"Ndiyo maana nakwambia usieleze."